Ali alipokuja na ujumbe wa watu wengine

Neno "boma" kwetu ni nyumbani: kuna ng'ombe, kuna jiko, kuna wazee wa kukuuliza umetoka wapi. Kwa Kilingala cha Kinshasa, "boma" ni kuua. Kwa hivyo Mkenya akisikia ule umati wa 1974 ukiimba "Ali, boma ye!" anaweza kudhani bondia anakaribishwa nyumbani, kumbe anaombwa amuue mwenzake. Ukiangalia vizuri lakini, yote mawili yalikuwa kweli.

Pigano la Muhammad Ali na George Foreman lilikuwa limepangwa kufanyika Septemba 25. Mobutu alikuwa ameahidi kila bondia dola milioni 5, na Zaire ikajipanga kuonyesha dunia kwamba imefika. Halafu siku chache kabla, Foreman akapasuka juu ya jicho mazoezini. Pigano likasukumwa hadi Oktoba 30, na mabondia wawili maarufu kuliko wote duniani wakabaki pale kwa wiki kadhaa zaidi, hawana pa kwenda. Ni katika hizo wiki ambapo watu wa Kinshasa waliwajua vizuri.

Ali alikuwa anafanya mazoezi N'Sele, kando ya mto Kongo. Akikimbia, watoto wanakimbia naye. Akisimama, anaongea na yeyote aliye mbele yake, anatania, anarusha ngumi hewani, anaongoza ule wimbo kwa mikono kama mwalimu wa kwaya. Foreman alikuwa mkimya, alijitenga, na alikuja na mbwa wake, Jamani shepadi. Kwake yeye huyo alikuwa mbwa tu, rafiki wa kutembea naye. Lakini Kongo ilikuwa imepata uhuru 1960, miaka 14 tu nyuma, na watu walikuwa bado wanakumbuka polisi wa Kibelgiji na mbwa wa aina hiyo hiyo. Foreman hakumtukana mtu. Alishuka tu na mbwa, na jiji likamaliza hesabu lenyewe.

Na Foreman alikuwa mweusi kama wao, mtoto wa familia maskini ya Texas. Hilo halikumsaidia. Shabiki akikutana na staa hakutani na mtu peke yake, anakutana pia na kila kitu ambacho huyo mtu amebeba. Ali alikuwa amebeba 1967, mwaka aliokataa kwenda jeshini kupigana Vietnam, akanyang'anywa taji na kukaa zaidi ya miaka 3 bila kupigana. Hiyo habari ilifika Kinshasa kabla yake. Foreman alikuwa amebeba kibendera cha Marekani alichopeperusha ulingoni Mexico 1968, siku aliposhinda dhahabu, halafu na huyo mbwa. Alfajiri ya Oktoba 30, raundi ya 8, Foreman akaanguka.

Sasa rukia miaka 6 mbele, maana hapo ndipo mapenzi yalipojaribiwa.

Desemba 1979 majeshi ya Umoja wa Kisovieti yaliingia Afghanistan. Rais Jimmy Carter akataka dunia isusie Olimpiki ya Moscow ya 1980. Nani ataishawishi Afrika? Washington ikafikiria, ikasema: si kuna Ali! Alikuwa India wakati huo. Akawekwa kwenye ndege ya serikali, na Februari 1980 akatua Dar es Salaam, kituo cha kwanza cha ziara ya nchi 5.

Wananchi walimpokea vile ungetarajia, kwa fujo ya furaha. Serikali ikampokea tofauti. Nyerere alikataa kuonana naye. Na ukifikiria, utamwelewa Mwalimu. Jambo la vita na amani, unamtumia rais mwenzako bondia? Kwa Thatcher wangemtuma bondia?

Lakini pigo lenyewe lilitoka kwa waandishi wa habari. Walimkumbusha Ali kuhusu 1976. Mwaka huo, zaidi ya nchi 20 za Afrika, Kenya na Tanzania zikiwemo, zilisusia Olimpiki ya Montreal kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imeenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu, na New Zealand haikufukuzwa. Marekani haikuungana nasi. Wanariadha wake walikimbia, wakachukua medali, wakarudi nyumbani. Kwa hivyo swali likawa rahisi tu: wakati tuliwahitaji mlikuwa wapi, na mbona leo tuwafuate?

Ali hakuwa na jibu. Hakuwa ameelezwa. Na hapa ndipo namheshimu kuliko Kinshasa: hakujifanya. Alikiri kwamba hakujua, na kwamba huenda anatumiwa kufanya jambo lisilo sawa. Yule aliyeukataa ujumbe wa serikali yake 1967 alijikuta mbele ya mashabiki wake, ameubeba mkononi.

Ili ujue lile swali lilikuwa zito kiasi gani, mkumbuke Filbert Bayi. Februari 1974, Christchurch, huyu Mtanzania alikimbia mita 1500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, rekodi ya dunia, akimwacha John Walker wa New Zealand nyuma yake. Dunia nzima ilingoja marudiano Montreal. Bayi hakuwepo, na Walker akachukua dhahabu. Dar haikuwa inauliza mambo ya vitabuni. Ilikuwa imelipa kwa mguu wa kijana wake.

Ali akatoka Dar akaja Nairobi. Hapa mapokezi yalikuwa laini, maana serikali ya Moi ilikuwa imeshaamua kususia Moscow kabla ndege haijatua. Ziara ikaendelea Nigeria, Liberia na Senegal. Tanzania ikaenda Moscow. Bayi akapata fedha kwenye mita 3000 kuruka viunzi na maji, Suleiman Nyambui akapata fedha kwenye mita 5000. Hadi Paris 2024, hizo ndizo medali pekee za Olimpiki ambazo Tanzania imewahi kupata.

Sisi tulibaki nyumbani na Henry Rono. Mwaka wa 1978, Rono alivunja rekodi 4 za dunia ndani ya siku 81. Montreal alikosa, Moscow akakosa. Alifariki Februari 2024 bila kuwahi kukimbia Olimpiki hata moja. Mara ya kwanza tulimtoa sadaka kwa ajili ya Waafrika wenzetu waliokuwa wanakandamizwa. Mara ya pili, mpaka leo sijui vizuri tulimtoa kwa ajili ya nani.

Siku hizi kukutana na staa ni selfi, ama ni matusi kwenye simu. Baada ya Kelvin Kiptum kufa ajalini 2024, kuna watu walimwandama Eliud Kipchoge mitandaoni bila ushahidi wowote, hadi akaeleza jinsi alivyoihofia familia yake. Huko si kumuuliza mtu swali, ni kumrushia mawe ukiwa umejificha nyuma ya ua.

Dar ilifanya kitu kigumu zaidi. Ilimshangilia Ali hadi ikakauka koo, halafu ikamkalisha chini, ikamuuliza ana kwa ana: huu ujumbe ni wako kweli? Shabiki anayeweza kufanya yote mawili ndani ya ziara moja ni adimu, na staa anayeweza kusikiliza swali hilo bila kuita walinzi ni adimu zaidi.