Ubao mdogo uliofichua kazi zilizopotea

Mtu akituma ombi kwa simu na kujibiwa « limepokelewa », wengi wanafikiri kazi imekwisha. Mara nyingi ndiyo kwanza inaanza. Ombi linapanga foleni, na programu nyingine isiyoonekana inalichukua baadaye. Ikikwama njiani, aliyetuma hajui, na hata fundi anaweza kukosa kujua.

Shida hiyo iliwasumbua mafundi wa GitHub, mtandao wa Marekani uliofunguliwa mwaka 2008 ambamo watu wanahifadhi programu zao. Kila siku kulikuwa na kazi nzito za kufanya nyuma: kufunga mafaili, kupeleka taarifa, kuhesabu nafasi iliyotumika. Walijaribu vyombo kadhaa vya foleni, kimoja kikiwa Starling kilichotoka Twitter. Walitaka pia kuona kwa macho: nani anafanya nini, na kipi kimeharibika?

Mwezi wa 11 mwaka 2009, Chris Wanstrath wa GitHub alitangaza Resque. Chombo hicho kiliweka foleni ndani ya Redis, hifadhi ya haraka iliyotengenezwa na Mwitalia Salvatore Sanfilippo mwaka huohuo. Pamoja nacho ulikuja ubao mwepesi, unaofunguliwa kama ukurasa wowote wa intaneti. Ulionesha idadi ya kazi katika kila foleni, programu zilizo kazini, na orodha ya kazi zilizoanguka pamoja na sababu ya kila moja. Fundi anaweza kuirudisha kazi foleni kwa kubonyeza tu.

Mwaka 2012, Mike Perham alileta Sidekiq, nayo ikiwa na ubao wake. Kazi ikianguka, Sidekiq inairudia yenyewe hadi mara 25, kwa muda wa karibu wiki 3. Ikishindikana, matoleo ya baadaye yanaiweka kwenye orodha ya « zilizokufa », isipotee kimya kimya.

Hata hivyo ubao hauponyeshi kitu. Unaonesha tu, lazima awepo mtu wa kuutazama na kuchukua hatua.

Kwa familia iliyohama, inayosubiri jina lake liandikwe au pesa ifike kwa simu, historia hii ina funzo moja: « limepokelewa » si « limekamilika ». Kimya kikizidi, ni haki kurudi na kuuliza ombi limefika wapi.