Kutoka Jimbo la Kusini hadi Ruangwa: Mipaka ya Jimbo na Haki ya Kuchagua

Sehemu hii inajadili iwapo kupungua kwa eneo la jimbo la uchaguzi humwongezea mpiga kura uwezo wa kuchagua. Katika uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria wa 1958/59, Tanganyika ilikuwa na majimbo 10 ya uchaguzi. Nachingwea, pamoja na eneo ambalo sasa ni Ruangwa, ilikuwa ndani ya Jimbo la Kusini. Kila mpiga kura alitakiwa kuchagua Mwafrika, Mwasia na Mzungu, huku masharti ya elimu, kipato au wadhifa yakiwaacha nje wakulima wengi. Baadaye jimbo hilo lilitoweka. Wilaya ya Ruangwa ilimegwa kutoka Nachingwea mwaka 1995, na leo kila wilaya ina jimbo lake. Hata hivyo, mwaka 2020 Kassim Majaliwa alipita bila kupingwa Ruangwa, hivyo kura ya ubunge haikupigwa. Basi, mipaka humsogeza mbunge karibu na wananchi. Ushindani ndio huwapa wananchi nafasi ya kumchagua.