Jembe la Siku ya Tatu

Mpini ulikuwa mpya, bado mweupe. Mama mkwe alimwambia binti asimame wima, akauweka mpini ubavuni mwake, akatazama ulikofika, kisha akaupunguza kwa panga na kuupapasa kwa kiganja asije mtu akachomwa na vibanzi. "Haya mwanangu, hili lako." Ilikuwa siku ya nne tangu aletwe. Tulikuwa Kewanja, Tarime, mahali ambapo ukiinua macho unaona kwanza vilima vya kifusi cha mgodi wa North Mara, ndipo uone vile alivyoviumba Mungu. Binti alitoka upande wa Kehancha, yaani Kenya. Wimbo wa taifa aliokua akiuimba ni mwingine, shilingi aliyoizoea ni nyingine. Ukifuata ramani, yuko nchi za watu.

Jembe hilo hunirudia kila nikisikia wanavyoshauriwa wake waliowafuata waume waliohamishiwa kazi nchi za mbali. Jifunze lugha. Tafuta marafiki. Usijifungie ndani. Vuta subira. Ni maneno mazuri, ila yote yanamtwisha mgeni. Hakuna hata moja linalomgeukia mwenyeji na kumuuliza: wewe umemwandalia nini? Mila zetu, pamoja na kasoro zake, zilianzia hapo kwa mwenyeji.

Wakurya wenyewe, kabila la binti yule na la wakwe zake, hawakuuomba mpaka. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikubaliana mstari utoke mdomo wa mto Umba, Bahari ya Hindi, mpaka ufuo wa Ziwa Viktoria, na mstari huo ukapita katikati ya koo. Wairege wako huku na huko, Wanyabasi vilevile. Kwa hiyo binti wa Kikurya anaweza kuolewa "ng'ambo" na bado akasikia lafudhi ya nyumbani. Lakini lugha peke yake haimweki mtu. Kinachomweka ni ng'ombe. Mahari ikishatoka, mifugo ile mara nyingi ndiyo kaka yake anayoolea, na tangu hapo boma mbili, pengine tatu, zinadaiana kwa sababu ya mwanamke mmoja. Akiugua, ni habari ya watu wengi. Akikosa shamba la kulima, wazee wana la kusema.

Sitaki kulipamba jambo hili. Ng'ombe hao hao ndio huwafanya wazazi wamrudishe kwa mumewe binti aliyekimbia kipigo, maana wameshaozea mke mwingine na hawana cha kurudisha. Hata ndoa ya nyumba ntobhu, ambamo mwanamke asiye na mtoto wa kiume hutoa mahari na kumwoa mwanamke mwenzake ili nyumba yake ipate warithi, nayo huanza na msichana anayehamia kwa watu. Wapo wanaoisifu kwamba huko hapigwi na mume. Nami nauliza aliyemhesabia ng'ombe alimuuliza yeye lini. Hata hivyo katika njia zote hizi mgeni anaingia akiwa na nafasi inayojulikana, na kazi inayomsubiri.

Shuka sasa pwani. Lamu, na katika miji mingine ya mawe ya Waswahili, waungwana waliligeuza jambo hili kichwa chini. Baba mwenye uwezo alimpa binti yake nyumba, au alimjengea orofa juu ya nyumba yake mwenyewe, na bwana harusi ndiye aliyefungasha. Mgeni ni mume! Siku saba za fungate bibi harusi yuko na kungwi wake, mama yake yuko ukuta wa pili, na kijana ndiye anayejifunza ngazi za nyumba ile zinakokwenda. Nimesikia watu wa bara wakicheka kwamba huko ni kuolewa kwa mwanamume. Wacheke. Ukitaka kujua kuhama kunamfanya nini mtu, tazama nani anakohoa kwanza kabla ya kuingia sebuleni.

Na mtu wa pwani hiyo hiyo ndiye aliyetuachia kisa kikubwa cha mke kumfuata mume. Sayyida Salme, aliyezaliwa Mtoni, Unguja, mwaka 1844, binti wa Sultani Seyyid Said, aliondoka kwao mwaka 1866 akiwa mjamzito wa mfanyabiashara wa Hamburg, Heinrich Ruete. Walifunga ndoa Aden mwaka uliofuata, akabatizwa jina la Emily, wakaenda Hamburg. Alikolelewa palikuwa na umati wa ndugu, watumishi na wageni, milango haifungwi. Huko alikofika, mume anatoka asubuhi kwenda kwenye shughuli zake, na mke anabaki na lugha asiyoijua na baridi asiyowahi kuihisi. Mwaka 1870 Ruete akafa kwa ajali ya tramu. Salme akabaki na watoto watatu wadogo katika nchi ambayo aliyemleta hayupo tena, na kwao nako hakurudiki: alifika Unguja mwaka 1885 na tena 1888 kudai urithi, Sultani akiwa ndugu yake, asitake kumwona. Akaishi kwa kufundisha Kiarabu, na mwaka 1886 akatoa kitabu cha maisha yake. Watu humsoma kama hadithi ya mapenzi ya binti mfalme. Mimi humsoma kama mwanamke aliyeolewa mahali pasipo na mama mkwe wa kumpimia mpini.

Kinyume chake kipo pia, na hakisemwi sana. Mtoro bin Mwinyi Bakari, aliyekwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili na ambaye jina lake liko kwenye kitabu cha desturi za Waswahili, alioa Mjerumani. Alipotaka kurudi naye Afrika Mashariki, serikali ya kikoloni iliweka kizuizi, wakarudi Ujerumani. Mwanamke yule alikuwa tayari kumfuata mumewe, kama dini na mila za kwao zilivyomfundisha, na waliomzuia ni watu wa kwao. Kumbe kumfuata mume kulikuwa sifa mradi mume awe wa rangi inayotakiwa.

Turudi kwenye kazi za leo. Dhahabu ya North Mara imechimbwa kibiashara tangu 2002, na umiliki umebadilika zaidi ya mara moja. Kwenye migodi kama hiyo wataalamu wengi wageni hulala kambini kwa zamu, na familia, ikiwa imekuja nchini, hukaa mjini. Mke wa mtaalamu wa nje huingia kwa hati ya mtegemezi, ambayo haimruhusu kufanya kazi mpaka apate kibali chake mwenyewe. Sisi tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hati yasema akishika jembe amevunja sheria. Anabaki kwenye siku ya pili, mwaka wa kwanza, mwaka wa tatu, akikaribishwa chai.

Sheria zetu zenyewe, kusema kweli, zina mkono wa mila bila ng'ombe wake. Kwa Sheria ya Uraia ya 1995, mwanamke mgeni aliyeolewa na Mtanzania ana njia yake ya kuomba uraia kwa ndoa hiyo. Mwanamume mgeni aliyemwoa Mtanzania hana njia hiyo. Mke afuate, mume asifuate. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Hilo lilikuwa jambo kubwa, na limewafaa wengi waliofuata, ingawa Bi Hawa mwenyewe aliambiwa fungu lake alikwisha kulitumia. Lakini mahakama hupima mchango wa mke siku ndoa inapovunjika. Kewanja mpini ulipimwa siku ya nne.

Mwanza nilimfahamu mke wa mhandisi kutoka Afrika Magharibi. Kwao alikuwa mwalimu wa hesabu. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, kizuri: alijua kuomba apunguziwe na kuongezewa kipande. Jioni watoto wa jirani walikuja na madaftari, wakakaa kwenye ngazi za barazani, naye akiwaelekeza kugawanya sehemu kwa kipande cha mkaa sakafuni, kisha anafuta kwa kitambaa. Mzazi mmoja alimletea kuku. Aliniita pembeni, kuku bado kafungwa miguu, akaniuliza kwa sauti ya chini kama, kwa mujibu wa hati yake, yule ni zawadi au ni mshahara.