Mavuno ya Shamba la Msikiti katika Jinja na Mbale

Wazee wetu wa kwanza waliofika pande hizi hawakuja kulima. Walikuja na misafara ya kutafuta pembe, wakiuzunguka mlima Elgon, na mji wa Mbale ulipoanza kuinuka mwanzoni mwa karne ya ishirini, wafanyabiashara Waswahili na Waarabu walikuwamo pamoja na Wahindi. Biashara ya pembe ilipokwisha, aliyetaka kukaa ilimpasa kushika jembe.

Yafaa ikumbukwe kuwa mtu aliyeieneza migomba Mbale hakuwa wa dini yetu. Semei Kakungulu, ambaye ndiye aliyeuanzisha mji huo, alikuja na wafuasi wake Waganda, nao wakapanda ndizi penye ulezi na viazi. Bwana huyo huyo, toka 1906 hata 1913, aliliongoza baraza la Busoga kule Jinja. Katika miaka hiyo pamba, ambayo mbegu zake zililetwa Uganda 1903 na 1904, ilienea upesi mno, hata 1912 ikafunguliwa reli ya Busoga kutoka Jinja kuelekea Namasagali, hasa kwa ajili ya kuichukua. Mbale ilifikiwa na reli 1929.

Basi mwaka wa mkulima ukawa na mavuno mawili yasiyofanana. Ulezi, ambao wengine huuita wimbi, hupandwa mvua za Machi zikianza, hukatwa Juni na Julai, ukaanikwa na kutiwa kihengeni. Pamba hupandwa wakati huo huo ulezi unapovunwa, nayo huchumwa tangu Novemba. Mikono ni ile ile. Aliyekwenda kupalilia pamba aliuacha ulezi mikononi mwa ndege. Busoga ilipata njaa kali 1908, ikapata tena 1918 na 1919, na ingawa ukame ulikuwa sababu kubwa, hapana budi kukiri kuwa kodi ya fedha, iliyomlazimu mtu kulima kisicholiwa, haikumsaidia. Baadaye serikali ikashurutisha watu wapande mihogo ya akiba.

Hapa ndipo penye jambo ambalo masheikh wetu wamelizungumza kwa muda mrefu, nalo ni ushuri. Kwa madhehebu ya Imamu Shafii, wanayoyafuata Waislamu wengi wa huku, zaka ya mazao huwapasa wenye vyakula vinavyowekwa akiba, kama ulezi, mahindi na mpunga, vikifika wasaki tano, yaani pishi 300. Hutolewa fungu moja katika kumi kwa shamba la mvua, na fungu moja katika ishirini kwa shamba linalomwagiliwa kwa gharama. Pamba haimo. Kahawa ya Bugisu haimo, wala matoke. Mwenye debe nyingi za ulezi hutoa, na jirani yake mwenye marobota ya pamba hatoi ila fedha zake zikifika kiwango na kupitiwa na mwaka mzima. Na fedha za pamba hazikai mwaka. Kwa Imamu Abu Hanifa, ambaye Wahindi Wasunni wengi wa Jinja humfuata, karibu kila kinachomea katika ardhi kina ushuri. Simo katika wa kuhukumu baina ya maimamu, lakini naona kuwa maskini wa Busoga wangalifurahia kauli hii ya pili zamani zile mali ilipokuwa katika pamba.

Pengo hilo ndilo lililozibwa na shamba la msikiti. Ardhi iliyowekwa wakfu kwa msikiti haina ushuri kwa Shafii, kwa kuwa haina mwenyewe maalumu. Lakini mazao yake yote ni ya walengwa, si sehemu ya kumi tu. Watu hulima kwa zamu, na kinachopatikana huwalisha wanafunzi wa chuo na hutoa futari. Ramadhani, kama tujuavyo, hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka. Iliangukia mavuno ya ulezi 1982, ikaangukia tena 2014, na kati ya miaka hiyo futari ilitegemea kihenge.

Pamba nayo ilianguka baada ya Waasia kufukuzwa 1972 na vinu vyao vya kuchambulia kukosa wenyewe. Wengi wakarudia chakula. Katika bonde la mto Manafwa, huko Doho katika Butaleja, mfereji uliojengwa kwa msaada wa Wachina umewapa Waislamu wengi mpunga, na kwa mpunga huo swali la zamani limerudi kwa sura mpya: maji yatokayo mtoni kwa mfereji, ambayo mkulima huyalipia ada, je, ni ya fungu la kumi au la ishirini? Wengi hutoa la ishirini. Mafuriko ya Mbale ya mwishoni mwa Julai 2022, mito ya Nabuyonga na Namatala ilipofurika, yaliharibu mashamba pamoja na nyumba, na kwa nafaka iliyochukuliwa na maji kabla ya kuvunwa hapana ushuri wowote.