Ukingo wa sweta: Kinachomtatiza mfumaji anayeanza na namna ya kurekebisha

MNUNUZI wa sweta ya kufumwa kwa mkono aghalabu hatazami kifua wala mgongo kwanza. Hushika ukingo wa kiunoni au wa mkono, akauvuta, kisha akauachilia aone iwapo utarudi mahali pake. Usiporudi, huirejesha sweta mezani na kwenda zake. Kwa mama anayefuma ili apate karo, ukingo uliolegea ni kazi ya majuma mawili iliyopotea. Kwa mtoto anayekwenda shule alfajiri mwezi wa Julai huko Limuru au Kinangop, ni mwanya wa baridi kupenya mpaka tumboni.

Ukingo huo hufumwa kwa matuta na mifereji iliyosimama wima, mfano wa shamba la viazi lililolimwa vizuri. Tuta hutokana na kitanzi cha kawaida, kile ambacho mafundi wetu hukiita pleni, nao mfereji hutokana na kitanzi cha kinyume. Vitanzi vya kawaida husukumana kuja mbele, vya kinyume hurudi nyuma, na kwa sababu hiyo kitambaa hujikunja mithili ya akodioni. Huo ndio mnyumbuko wake. Si mpira uliofichwa ndani. Chochote kinachoharibu mpangilio huo wa matuta huua mnyumbuko.

Waliosoma shule ya msingi katika miaka ya mwanzo ya mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, watakumbuka kwamba Sayansi Kimu ilifundishwa wavulana na wasichana pamoja, na baadhi yetu tulifuma kwa spoki za baiskeli zilizonolewa kwenye jiwe. Matatizo tuliyoyapata wakati huo ndiyo yale yale yanayowakabili wanaoanza leo.

Vitanzi vinavyozidi

La kwanza ni la idadi. Mtu huanzisha vitanzi 60, afume mistari minne, kisha ahesabu 67. Ukingo umepanuka kama sketi na una vitundu vidogo vidogo. Kisa na maana ni uzi. Kabla ya kufuma kitanzi cha kinyume, uzi sharti uletwe upande wa mbele. Kabla ya kile cha kawaida, urudishwe nyuma. Katika safari hizo zote mbili uzi hupita katikati ya ncha za sindano mbili. Anayeanza huurusha juu ya sindano badala ya kuupitisha katikati, na kila anapoukosea njia, kitanzi kipya huzaliwa pasipo yeye kujua.

Akigundua katika mstari unaofuata, dawa ni nyepesi: akiangushe kitanzi hicho cha ziada, auvute ukingo kidogo, na uzi uliolegea utasambaa kwa majirani. Akigundua baada ya mistari sita, ni heri afumue. Ahesabu vitanzi mwishoni mwa kila mstari mpaka mkono uzoee. Ni kazi ya kuchosha, lakini kufumua sweta nzima huchosha zaidi, na uzi uliofumuliwa mara tatu huota manyoya na kukatikakatika.

Punje badala ya matuta

Tatizo la pili huwakatisha tamaa wengi. Mfumaji anafuata maagizo kwa uaminifu, kimoja kawaida, kimoja kinyume, lakini badala ya matuta anapata kitambaa chenye punjepunje kana kwamba kimenyunyiziwa mtama. Hapa kosa si la mkono bali la hesabu.

Chukua vitanzi 60. Mstari unaanza na kitanzi cha kawaida na kuishia na cha kinyume. Ukigeuza kazi, kile cha kinyume kwa upande wa pili kinaonekana kuwa cha kawaida, kwa hiyo unaanza tena na cha kawaida na kila kitu kinakaa sawa. Sasa chukua 61. Mstari wa kwanza unaanza na cha kawaida na kuishia na cha kawaida. Ukigeuza, kitanzi kinachokukabili ni cha kinyume. Ukianza na cha kawaida kwa mazoea, utakuwa umeweka mfereji juu ya tuta, na punje ndiyo matokeo. Katika idadi isiyogawanyika kwa mbili, mstari wa pili sharti uanze na kinyume. Katika ukingo wa viwili kwa viwili, idadi igawanyike kwa nne ikiwa kila mstari utaanza na viwili vya kawaida. Ikibaki miwili juu ya hesabu hiyo, kama vile 62, mstari wa kurudi huanza na viwili vya kinyume.

Hata hivyo, kinga kubwa kuliko hesabu ni macho. Tazama kitanzi kilicho kwenye sindano ya kushoto. Kama chini yake pana umbo la herufi V, kifume kawaida. Kama pana kifundo kilichomkaba shingoni mithili ya kola, kifume kinyume. Anayejua kusoma hivyo anaweza kuitwa na mgeni mlangoni, akarudi baada ya saa nzima, na asipotee. Ila akumbuke jambo moja: ikiwa aliachia katikati ya mstari, sindano yenye uzi unaotoka kwenye donge ndiyo inayoshikwa mkono wa kulia. Akibadilisha, atakuwa anarudi alikotoka, na kazi itapata tundu na upande mmoja mrefu kuliko mwingine.

Kosa likionekana chini, mathalani mfereji mmoja uliokatiza tuta mistari mitano nyuma, si lazima kufumua vitanzi vyote. Angusha kitanzi kimoja kilicho juu ya kosa hilo, kiache kiteremke kama ngazi hadi penye kosa, kisha ukipandishe kwa sindano ya kroshia, ngazi baada ya ngazi. Ukitaka tuta, pandisha ukiwa umeelekeza uso wa kazi kwako. Ukitaka mfereji, geuza kazi na upandishie upande wa nyuma.

Ulegevu

Matuta yanaweza kuwa sahihi na bado ukingo ukalegea. Yamkini sindano ni nene mno. Ukingo hufumwa kwa sindano nyembamba kuliko za mwili wa sweta: mwili ukifumwa kwa milimita 4, ukingo ufumwe kwa 3.25. Na hapa pana mtego. Vielelezo vya zamani vilivyotufikia kutoka Uingereza hutumia namba zinazopungua unene kadiri zinavyopanda, ambapo namba 8 ni milimita 4 na namba 10 ni milimita 3.25. Vielelezo vya Marekani, ambavyo sasa vimejaa kwenye intaneti, hufanya kinyume: namba 8 yao ni milimita 5 na namba 10 ni milimita 6. Mtu anayechanganya hizo mbili atafuma ukingo mpana kuliko sweta yenyewe na kujilaumu bure. Fuata milimita.

Pengine si ukingo wote uliolegea, bali ni safu moja tu ya kila tuta, ile ya mwisho kabla ya mfereji. Uzi unapotoka nyuma kuja mbele husafiri njia ndefu zaidi, na ile ziada hukimbilia kitanzi kilichotangulia. Baada ya kufuma kitanzi cha kwanza cha kinyume, uvute uzi kidogo. Usiuvute kwenye kila kitanzi. Ukingo utakuwa mgumu kama gunia.

Ugumu nao una madhara yake, hasa shingoni. Wapo watoto wanaolia kila asubuhi kwa sababu sweta haipiti kichwani. Anzisha vitanzi kwa sindano nene kidogo, kisha uhamie nyembamba. Wakati wa kufunga, kila kitanzi kifungwe kwa namna yake, cha kawaida kwa kawaida na cha kinyume kwa kinyume, na mkono ulegee.

Baadhi ya lawama ni za uzi. Pamba haina mnyumbuko wa sufu ya kondoo, hivyo ukingo wake huchoka mapema. Akriliki, ambayo ndiyo nafuu madukani na ndiyo iliyo katika sweta nyingi za shule, hunyumbuka vyema ila haivumilii pasi. Joto likiigusa, matuta hulala na hayaamki tena, hata uifue mara ngapi. Sweta iliyofuliwa ikamuliwe ndani ya taulo na ianikwe ikiwa imelazwa; ikining'inizwa kwenye kamba ingali inachuruzika, uzito wa maji huvuta ukingo hadi magotini.