Glasgow, Merikebu ya Starehe ya Sayyid Barghash



Hapa Mocímboa da Praia mtoto huchonga ngalawa kwa kipande cha kandambili kabla hajajua kusoma. Kwa hiyo tulipowaambia wanafunzi wetu wa tarekhe watengeneze mfano wa merikebu ya Sultani wa Unguja, tulidhani ni kazi ya siku mbili. Ikachukua mwezi. Merikebu yenyewe ilikuwa na futi 210, kama mita 64, tukapunguza kila kipimo mara mia. Mfano ukawa na sentimita 64, milingoti mitatu ya mianzi na dohani ya kopo.

Jina lake Glasgow. Mwezi wa Aprili 1872 tufani kubwa iliipiga Unguja na kuvunja karibu merikebu zote za Sayyid Barghash bin Said. Ikabidi aanze upya. Alinunua meli za moshi za biashara, na tunapenda kuwakumbusha wanafunzi kuwa baadhi ya safari zake zilichukua mahujaji hadi Jeddah bila nauli. Kwa ajili yake mwenyewe aliagiza chombo kinachofanana na manowari ya Kiingereza iliyoitwa Glasgow, ambayo iliwahi kufika Unguja, akakipa jina lile lile. Kiliundwa na William Denny na nduguze, mjini Dumbarton, Scotland, kikashushwa majini 1878: mbavu za chuma, mbao za msaji, matanga pamoja na injini ya mvuke. Gharama ilikuwa pauni 32,735.

Na msidhani mifano ni mchezo wa watoto tu. Mwaka 1883 hao hao akina Denny walijenga birika refu la kupimia mifano ya meli iliyotengenezwa kwa nta, wajue chombo kitakwendaje kabla hakijaundwa. Birika hilo leo ni makumbusho.

Wavulana wetu walianza na mizinga, hata sitaha haijakauka gundi! Tukawazuia. Glasgow ilikuwa na mizinga saba midogo ya risasi za ratili tisa. Kwa sura ni manowari, kwa kazi ni merikebu ya starehe na heshima. Nayo ilipofika Unguja haikumpendeza sana mwenyewe, ikakaa bandarini miaka mingi ikitia nanga tu.

Hapo ndipo habari inapofika kwetu. Februari 1887 Wareno waliishambulia Tungi kwa mizinga, pale Palma, kaskazini yetu kidogo. Tungi ilikuwa chini ya bendera ya Sultani. Wakaiteka, na meli yake ya moshi iitwayo Kilwa wakaikamata. Kwa maoni yetu meli hiyo ndiyo inayostahili kukumbukwa zaidi katika pwani hii, kwani ilikuwa kazini, na ile ya fahari imefungwa nanga Unguja. Barghash alifariki mwaka uliofuata. Mpaka uliotokana na mambo hayo ndio unaowafanya jamaa zetu wa Mtwara waitwe wageni kwetu, na sisi kwao.

Glasgow ilipigana siku moja tu. Tarehe 25 Agosti 1896 Sayyid Hamad bin Thuwaini alifariki, na Khalid, mtoto wa Barghash, akaingia jumba la kifalme bila idhini ya Waingereza. Tarehe 27, saa tatu na dakika mbili asubuhi, manowari zao zikaanza kulipiga jumba. Glasgow ikajibu kwa mizinga yake midogo dhidi ya St George. Haikuchukua muda ikatobolewa, mabaharia wakapandisha bendera ya Kiingereza kuomba amani, na mashua za Waingereza zikawaokoa. Vita vyote havikufika saa moja, lakini watu kama 500 wa upande wa Khalid waliuawa au kujeruhiwa.

Bandari ya Unguja si ya kina kirefu. Glasgow ikakaa chini, milingoti mitatu na dohani vikiwa juu ya maji, hadi 1912 mabaki yalipovunjwa. Kwa miaka 16 kila nahodha aliyepanda na kusi kutoka pwani yetu aliiona kabla ya kushusha tanga.

Tulipomaliza kueleza, msichana mmoja akauliza kama tunaweza kuuzamisha mfano wetu. Wavulana wakapiga kelele, baada ya mwezi mzima wa kazi! Tukaleta beseni la mama ntilie wa jirani, tukatia mchanga na maji. Sasa umo humo dirishani, na watoto wadogo wanaopita huuliza kwanza ile milingoti ni ya nini.