Kutupa, Kurusha, Kuvurumisha

Besiboli ingali mchezo mgeni Kigali, na istilahi zake hazijatulia. Muhima, mtaa unaoteremka hadi Nyabugogo kwenye kituo cha mabasi, Kiswahili na Kinyarwanda hupishana mchana kutwa. Tena tangu 2017 Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda. Basi kocha wa huko ana haki ya kuuliza: mtoto anayesimama katikati ya uwanja na mpira mkononi, tumwite nani?

Wengi watasema mtupaji. Tumezoea kutupa mkuki, sawa, lakini hata taka hutupwa, na anayetupa taka hajali mkono umekwendaje. Kurusha kumetokana na kuruka: unakifanya kitu kiruke, kwa hiyo unakipa mwendo na njia. Kuvurumisha ni kurusha kwa nguvu zote, kama jiwe la kombeo. Mpangilio wa maneno hayo ndio mpangilio wa mafunzo. Mtoto wa miaka 8 ajifunze kurusha na kulenga shabaha. Kuvurumisha kungoje mifupa ikomae.

Sababu iko kwenye kiwiko. Upande wa ndani, pale mfupa unapoendelea kukua, kuna gegedu ambalo bado ni laini, na kila mpira unaporushwa misuli na kano hulivuta. Mpira wenyewe hauzidi gramu 149. Kinachoumiza ni marudio. Likivutwa mno bila pumziko huvimba, na pengine kipande cha mfupa hung'oka.

Ndiyo maana tunahitaji nomino: mrusho, wingi mirusho. Kisicho na jina hakihesabiki. Little League, shirika la Marekani la besiboli ya watoto, ilianza kuweka ukomo wa mirusho mwaka 2007: miaka 9 hadi 10, mirusho 75 kwa siku, miaka 11 hadi 12, mirusho 85. Aliyefikisha 66 hupumzika siku 4. Vijana wa Lugazi, Uganda, waliokuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza fainali zake za dunia kule Williamsport mwaka 2012, walicheza chini ya hesabu hiyo. Hata umbali hupunguzwa: mita 14 hivi kwa watoto, mita 18.44 kwa watu wazima.

Kuna jozi nyingine ya kutenganishwa. Kinyarwanda kina ndananiwe, nimechoka, na ndababara, naumia. Mtoto anayeogopa kutolewa husema la kwanza kuficha la pili. Kocha asiishie kwenye neno, aulize wapi. Uchovu wa misuli ya bega hutulia kwa kupumzika. Maumivu ya ndani ya kiwiko ni ya daktari.

Kocha wa Muhima, mwite mtoto wako mrushaji, andika mirusho yake daftarini, na akigusa kiwiko mtoe uwanjani papo hapo, hata kama timu yake inaongoza.